Kona ya Mazoezi Nyumbani Tunduma: Sakafu Kwanza, Vyuma Baadaye

Tunduma si mji wa kukimbia barabarani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yake, malori yanapanga foleni kusubiri kuvuka mpaka, bodaboda na bajaji zinajipenyeza kwenye kila mwanya, na anayekimbia pembeni anavuta moshi wa dizeli na vumbi kwa pamoja. Klabu za jogingi zinajitahidi, hasa Jumamosi, na zinastahili pongezi. Lakini mtu anayetaka kutoa jasho siku nne au tano kwa wiki, tena akiwa na duka la kufungua asubuhi, anahitaji mahali pake nyumbani.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Ni mwanzo mzuri, ila siku moja kwa mwezi haitoshi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na kuimarisha misuli walau siku mbili. Mwongozo huohuo uliondoa sharti la zamani kwamba zoezi lisilofika dakika 10 halihesabiwi. Kwa wakala wa forodha anayekaa kitini kutwa nzima, au dereva aliyetoka Dar es Salaam mgongo ukiwa umekakamaa, hiyo ni habari njema: dakika nane za uani kabla ya kuoga nazo zimo kwenye hesabu.

Zipo nyumba nyingi zenye vyuma vya mazoezi vinavyolala chini ya kitanda. Mwenye nyumba hujilaumu kwamba ni mvivu. Mimi nalaumu mahali kabla ya kumlaumu mtu. Simama pale unapofanyia mazoezi, au unapokusudia kufanyia, uhesabu vitu unavyolazimika kuvisogeza kabla hujaanza: meza ya sebuleni, stuli, ndoo ya maji, baiskeli ya mtoto. Vikizidi viwili, utafanya wiki ya kwanza tu. Shida ni kwamba mahali penyewe panakudai kazi kabla ya kazi, na saa kumi na mbili ya asubuhi mwezi wa saba, kwa baridi ya huku, hakuna anayependa kudaiwa.

Eneo na saa

Pima kwa mwili wako. Lala chali sakafuni, nyoosha mikono nyuma ya kichwa, mwambie mtu aweke alama ya chaki kwenye ncha za vidole na kwenye visigino. Kisha panua mikono kushoto na kulia, aweke alama nyingine. Ongeza urefu wa wayo mmoja kila upande, hilo ndilo eneo lako. Kwa kimo cha kawaida utahitaji kama mita mbili na nusu hadi tatu kwa urefu, na mita mbili na ushei kwa upana. Sebule nyingi zinaitoa nafasi hiyo ukisukuma kochi moja ukutani na kuliacha hukohuko moja kwa moja. Kuhusu juu, nyoosha mikono: ikibaki shubiri moja kabla ya kugusa dari au waya wa taa, hata kamba utaruka.

Kama una chaguo, tafuta jua. Mkoa wetu wa Songwe uko kama nyuzi tisa kusini mwa ikweta, kwa hiyo miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini. Ukisimama asubuhi jua linalochomoza likiwa mkono wako wa kulia, unatazama kaskazini. Baraza au dirisha linaloelekea huko ndilo litakalopata joto Juni na Julai, na litafunikwa na kivuli Desemba, ambapo kivuli ndicho unachokitaka. Upande wa kusini mashariki ndiko unakotoka upepo wa kiangazi, ule unaoleta vumbi na kupenya mpaka kwenye mifupa. Huko weka ukuta, uzio wa mabati, au hata turubai lililofungwa vizuri.

Saa nazo zina mambo yake huku. Tanzania nzima inatumia saa zilezile, lakini jua haliendeshwi na serikali. Juni, Dar es Salaam inaona jua kwenye saa kumi na mbili na nusu. Tunduma inalisubiri mpaka karibu saa moja. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo jua hilohilo linawachomozea saa kumi na mbili kamili na hawaoni ajabu yoyote. Maana yake kwako ni kwamba ratiba ya alfajiri uliyoipenda kutoka kwa mtu wa Dar inakuweka gizani na kwenye baridi kali. Jioni tunalipwa fidia: mwanga unabaki mpaka saa kumi na mbili na nusu na zaidi, na ukuta uliopigwa na jua la mchana bado una joto. Kwa wengi wa huku, saa kumi na moja jioni ni bora kuliko saa kumi na moja alfajiri, hata kama wahamasishaji wa mitandaoni wanahubiri alfajiri tu.

Sakafu

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, ipeleke sakafuni. Sakafu ya saruji kwenye nyanda za juu inanyonya joto la mwili. Ukilala chali kufanya zoezi la tumbo, mgongo unakakamaa kabla hujafika hesabu ya kumi. Ukipiga pushapu viganja vinaganda. Mwili unaiweka kumbukumbu hiyo, na kesho utapata sababu ya kuahirisha.

Watu hukimbilia zulia la manyoya. Silipendekezi, kwa sababu linashika vumbi, na ukiweka uso karibu nalo kwenye pushapu utapiga chafya hadi uache. Mkeka wa ukindu peke yake ni mzuri kwa kujinyoosha, ila kwenye saruji laini unateleza. Godoro ni kosa jingine: linabonyea, kifundo cha mkono kinapinda, na kusimama kwa mguu mmoja hakuwezekani.

Kinachofanya kazi ni tabaka. Chini kabisa tandika kipande cha turubai au nailoni nene, hasa kama sakafu ni ya udongo au inavuta unyevu wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Juu yake weka maboksi makavu yaliyofunguliwa, tabaka mbili, na viungo vya tabaka ya juu visikutane na vya chini. Maboksi hayana shida kupatikana Tunduma. Nenda kwa wauza jumla jioni wanapofunga, wengi watakuomba uyachukue. Boksi la karatasi limejaa hewa ndani ya mikunjo yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi ya saruji isikufikie. Juu kabisa weka mkeka wa sponji ngumu, ama ile ya vipande vya kuunganisha inayouzwa kwa ajili ya watoto, ama kipande ulichokatiwa na fundi sofa. Ukiwa kwa fundi usikubali kila sponji. Ikandamize kwa ngumi: ngumi ikigusa meza, ni ya mto wa kochi. Unataka ile inayokataa, inayoachia alama ndogo na kurudi upesi. Unene wa vidole viwili unatosha. Pembe zifunge kwa gundi ya karatasi pana ili maboksi yasitambae.

Kwenye chumba kimoja cha kupanga, ambako kitanda, kabati na jiko la gesi vinagombea nafasi, tabaka hizi zishonwe pamoja. Fundi cherehani anaweza kuzitia ndani ya mfuko wa kitambaa kigumu kama wa turubai jepesi, akaacha mishono miwili ya kukunjia. Unaikunja mara tatu na kuisimamisha nyuma ya mlango. Piga msumari mmoja hapohapo, utundike mfuko wenye kamba yako, taulo na soksi. Vyote vikikaa pamoja, kutandika na kukunja hakufiki dakika moja.

Maboksi badilisha yakianza kulainika. Mkeka uanike juani kila wiki, na wakati wa mvua uusimamishe uzungukwe na hewa, vinginevyo utanuka ukungu, na harufu ya ukungu inafukuza mtu.

Joto bila jiko la mkaa

Hapa niseme kwa ukali kidogo. Usiku na alfajiri za Juni na Julai, Vwawa, Tunduma na kule Itumba wilayani Ileje, watu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo kamwe, na hasa usifanye kabla ya mazoezi. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Anayefanya mazoezi anapumua haraka na kwa kina, kwa hiyo anaivuta nyingi zaidi kuliko aliyekaa. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu: mtu anadhani ni ugumu wa zoezi, kumbe anapewa sumu. Mkaa usiotoa moshi nao ni hatari vilevile.

Joto la mazoezi linatoka mwilini. Lala na nguo za mazoezi zikiwa karibu na kitanda, zisishinde kwenye kamba ya nje zikapata umande. Vaa sweta la mtumba juu ya fulana, kofia ya sufu na soksi, kisha anza taratibu: tembea papo hapo, zungusha mabega, inua magoti, dakika tano hadi kumi. Wengi wetu tuliufahamu mchakamchaka shuleni kabla ya kujua neno lolote la jimu. Ule wa polepole, wa kuimba, ndio unaofaa kufungulia mwili. Jasho likianza kuchuruzika vua sweta, na ulirudishe mara tu unapomaliza. Kunywa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai. Maji ya baridi kali asubuhi ya Julai hayavutii, na asiyekunywa maji ataumwa kichwa.

Dirisha moja liwe wazi kidogo wakati wote. Kama nyumba iko jirani na foleni ya malori, liwe la upande wa uani.

Kuhusu vumbi, jambo moja tu: usifagie kabla ya mazoezi. Ufagio unalirusha hewani na kukuachia wewe ulivute. Pangusa kwa kitambaa kibichi, au fagia usiku kabla ya kulala ili lipate muda wa kutua.

Macho ya watu

Nyumba zetu nyingi za kupanga zina ua mmoja, na ua una macho. Mwanamke anayechuchumaa na kusimama uani anaweza kujikuta anatazamwa na wapangaji wa vyumba sita, watoto wao, na muuza mboga aliyepita kuuliza kama wanahitaji mchicha. Wengine hawajali. Wengi wanajali, na aibu hiyo inaua mazoezi kuliko uchovu. Usijilazimishe kuizoea, iondolee sababu.

Pazia la doria linakuficha mchana, kwa kuwa nje kuna mwanga kuliko ndani. Usiku mambo yanageuka: ukiwasha taa, doria inakuwa kama haipo na wewe ndiye uliye jukwaani. Hivyo kwa mazoezi ya jioni weka pazia zito, au kitenge kilichokunjwa mara mbili, walau nusu ya chini ya dirisha. Nusu ya juu iache wazi, mwanga na hewa vipite. Taa ikae kwenye ukuta wenye dirisha. Ikiwa upande wa pili, kivuli chako kitacheza kwenye pazia na watoto wa jirani watapata sinema.

Wafikirie na wanaoishi upande wa pili wa ukuta. Kuruka kamba ndani ya chumba cha kupanga saa kumi na moja alfajiri ni kutafuta ugomvi, na mlio wa chuma kikidondoka unasikika nyumba nzima. Weka mazoezi ya kimya asubuhi, ya kishindo jioni. Ukianza, wapitie majirani uwaarifu. "Mama Neema, nitakuwa naruka kamba hapo nyuma saa kumi na moja jioni, nikikusumbua uniambie." Salamu hiyo inazima maneno mengi, na hutokea jirani mwenyewe akauliza kama anaweza kujiunga.

Watoto wataingia. Waachie kona yao ya mkeka, waige. Ukiwafukuza kila siku utachoka wewe kwanza.

Redio au spika ndogo inasaidia, video za simu pia. Pakua ulizozichagua kwa bando la usiku, mbili tatu tu, ili muda wa mazoezi usiishie kwenye kuchagua. Simu isimame kwenye tofali, usawa wa kifua, na kengele za ujumbe zizimwe.

Vifaa: nenda kwa fundi pancha

Mji wa malori una utajiri wake. Kifaa cha kwanza ninachokipendekeza ni ule mpira mweusi uliokatwa kwenye tyubu ya gari, ambao watu hufungia mizigo kwenye baiskeli na pikipiki. Ukiukanyaga kwa miguu na kuvuta ncha zake juu, una zoezi la mikono. Ukiufunga kwenye nondo ya dirisha na kuvuta kuelekea kifuani, una zoezi la mgongo. Chagua wenye upana wa vidole viwili au vitatu. Uvute mbele ya mwanga kabla ya kulipa: ukiona mistari midogo kama ya udongo uliokauka, mpira umezeeka, utakatika na kukupiga usoni. Nyumbani uoshe kwa sabuni ya unga, uanike kivulini, uupake poda ya mtoto. Vinginevyo utachafua viganja, mkeka na fulana. Ncha zizungushie kitambaa ziwe mshiko. Kamwe usiufunge kwenye bomba la plastiki wala kwenye kitasa cha mlango unaofunguka kuja kwako.

Uzito wa mwanzo upo jikoni. Dumu la lita tano likijaa maji lina kilo tano. Likijaa mchanga mkavu linakaribia kilo nane. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, na ukianza na maji kidogo ukayaongeza kila mwezi, uzito unapanda pamoja nawe. Angalia tu kifuniko kikaze.

Ukitaka vyuma vya saruji, vile vya makopo ya rangi na bomba, vitengeneze kwa subira. Kopo la lita nne likijaa zege linapata karibu kilo tisa na nusu, kwa hiyo mawili pamoja na bomba ni kilo 20 na ushei. Udhaifu wake ni bomba kuchomoka. Kabla ya kumimina, mpelekee fundi wa kuchomelea aweke vipande vifupi vya nondo kwa umbo la msalaba kwenye ncha zote mbili, ndivyo zege litakavyolishika. Mimina kopo la kwanza, funga bomba wima kwenye nguzo, liache siku tatu, ndipo uligeuze kwa kopo la pili. Mwagilia maji kwa wiki nzima. Wanaovinyanyua siku ya pili ndio wanaoonyesha nyufa.

Tairi chakavu la lori ni zuri kwa kulipindua uani, mradi una nguvu na nafasi. Litoboe matundu chini, maana linakusanya maji ya mvua na mbu wanazaliana humo, wakiwemo wa homa ya dengi.

Haya yote nimeyaandika nikiwafikiria wa nyanda za juu. Aliyeko Mkwajuni, au Kamsamba kule bonde la Ziwa Rukwa, asome kinyume: kwake adui ni joto. Asahau maboksi, atandike mkeka mmoja chini ya mwembe, afanye mapema kabla bati halijawaka, na jioni avae suruali ndefu kwa ajili ya mbu. Aliye na presha au kisukari, popote alipo, apime kwanza na kumuuliza daktari aanze na nini.

Mashine ya umeme ya kukimbilia iwe ya mwisho kabisa. Inachukua nafasi ya kitanda cha mtoto, na kwa aliye kwenye kundi la D1, lile la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, mashine ya kilowati moja ikitumika nusu saa kila siku inakula uniti 15 peke yake. Ukiamua hata hivyo kununua ya mtumba, vaa raba zako, ipande hapohapo dukani dakika kumi kabla ya kutoa hela. Sikiliza kama mkanda unakwaruza upande mmoja, gusa mota uone kama imepata moto kupita kiasi, kisha bonyeza kitufe cha dharura ukiwa unatembea. Isiposimama papo hapo, shuka uiache hapo dukani.